Madoa meupe kwa samaki wa dhahabu: usipime maji kwa mkono

"Baba, nani kawamwagia samaki chumvi?" Ndivyo alivyouliza mwanangu wa mwisho asubuhi moja ya mwezi wa saba, na sijapata bado maelezo mazuri kuliko hayo. Chembe nyeupe mapezini na mgongoni, hakuna inayozidi milimita moja, na samaki wanajikuna kwenye changarawe kama mbuzi kwenye nguzo ya zizi.

Nilikosea mara mbili. Nilinunua samaki mpya nikamtia tangini siku hiyohiyo. Halafu, mimi napanga nyama kwenye chumba cha baridi, zamu ya usiku, nyuzi 3 mpaka kunakucha. Nilirudi Nkuhungu alfajiri ili nibadili maji, nikachovya vidole kwenye ndoo iliyolala uani, nikaona ni ya uvuguvugu. Uvuguvugu gani! Vidole vilikuwa na ganzi. Alfajiri za Julai hapa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na maji ya ndoo hufuata. Samaki akishtuliwa na baridi kinga yake hulegea, na kimelea aliyeletwa na yule mgeni akajipatia karamu.

Kwa hiyo kabla ya dawa, nunua kipimajoto.

Kisha hakikisha ni ugonjwa kweli. Dume la samaki wa dhahabu likikomaa huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimepangana kama mshono, naye anakula kama kawaida. Huyo mwache. Madoa ya ugonjwa huzagaa ovyo, hadi mkiani.

Kimelea chenyewe kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Doa unaloliona limejificha chini ya ngozi ya samaki, na dawa hailifikii. Kikishiba hudondoka, hujifunika kwenye changarawe na kujigawa kuwa mamia ya watoto. Hao huogelea kutafuta samaki, na wakimkosa kwa siku mbili hivi hufa. Ni hao waogeleaji tu tunaoweza kuwaua. Maji yakiwa nyuzi 25 mzunguko huo huisha kwa takriban wiki. Yakiwa 10 huburuta wiki kadhaa. Tunapasha maji ili kukiharakisha kimelea kitoke mafichoni, chumvi, ambayo ndiyo dawa yenyewe, ikikute.

Tangi langu ni la lita 60. Kwa hita napandisha nyuzi 1 au 2 kwa siku hadi 25, na pampu ya hewa haizimwi, maana maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Mimea naihamishia kwenye ndoo, chumvi itainyausha. Chumvi ni gramu 2 kwa lita, yaani gramu 120 kwangu. Usipime kwa kijiko. Kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havina uzito mmoja. Mimi niliipeleka dukani kwa Mangi, akacheka, akanipimia kwenye mizani ya sukari. Igawe mafungu matatu, yeyusha kila fungu kwenye jagi la maji ya tangi, mimina taratibu, fungu moja kila baada ya saa 12.

Kila baada ya siku mbili nyonya uchafu wa changarawe kwa mpira, utoe lita 15. Maji ya bomba ya kurudishia yalale kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke, na ilale ndani, si uani. Kipimajoto kiseme yamelingana na ya tangini. Lita 15 hizo zinapewa gramu 30 tu. Ila upepo wetu wa kiangazi hukausha maji haraka, na hapo wengi hukosea: maji yaliyokauka yameiacha chumvi yake tangini. Jazia maji matupu.

Madoa yanaweza kupotea ndani ya siku chache. Usishangilie. Maliza wiki mbili, na isipungue wiki moja tangu doa la mwisho kupotea. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi, juu pabaki wazi.

Sasa mikono yenyewe. Sisi wa chumba cha baridi ngozi hupasuka kwenye vifundo vya vidole, na maji ya samaki yanaweza kuwa na Mycobacterium marinum, bakteria wa ukoo wa kifua kikuu. Anastawi kwenye nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hupenda vidole kuliko ndani ya mwili. Baada ya wiki kadhaa unaota kivimbe kisichouma sana, kisichopona, unakipaka mafuta weee. Ukienda hospitali mwambie daktari unafuga samaki, asipokuuliza. Dozi yake ya antibayotiki huenda miezi.

Glavu zangu ndefu za mpira zinaning'inia kwenye msumari juu ya tangi. Kabla ya kuzivaa nasubiri ganzi iishe, mikono kwapani, au kwenye beseni la maji ya vuguvugu ambayo mke wangu ameyapima, si mimi. Jiko la mkaa silisogelei. Ngozi yenye ganzi huungua bila kukuarifu.

Na samaki mpya akija sasa, anakaa kwenye beseni lake sebuleni wiki tatu, na wavu wake mwenyewe.