Flashback kwenye Mega Drive: kutoka kwenye adapta hadi nje ya msitu wa Titan

Flashback inaonekana kama gemu ya kukimbia na kuruka, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Paul Cuisset na wenzake wa Delphine Software, Ufaransa, kabla ya kuitoa kwenye kompyuta ya Amiga mwaka 1992 walikuwa wameshatengeneza Future Wars na Operation Stealth. Hizo ni gemu za kubofya: unasogeza mshale juu ya kitu, unakichukua, unakipeleka kinakotakiwa. Kwenye Flashback mshale umeondolewa, na Conrad, mhusika unayemwendesha, ndiye anayetumwa. Toleo la Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, lilifuata mwaka 1993, na ndilo tunalolishughulikia hapa. Ukilicheza kama Sonic, gemu ya kukimbia kwa kasi, utakufa kabla chai haijapoa.

Kwanza mashine iwake, na isiungue. Mega Drive za mtumba zinazofika Mwanza mara nyingi huja bila adapta, au na adapta ya kwao. Geuza adapta usome maandishi ya chini. Ikiwa imeandikwa 100V ni ya Japani, ikiwa 120V ni ya Marekani. Zote mbili ukizichomeka kwenye soketi zetu za 230V zinakufa papo hapo, na zinaweza kuondoka na mashine.

Tafuta adapta nyingine, lakini usinunue kwa kuangalia volti peke yake. Mega Drive ya kwanza, ile kubwa yenye tundu la hedifoni mbele, inataka 9V DC, ampea 1.2, na katikati ya plagi ni HASI. Ya pili, ile ndogo, inataka 10V, ampea 0.85, katikati ni CHANYA, na plagi yake ni nyembamba zaidi. Adapta za ruta zilizojaa kwenye meza za mafundi karibu zote ni chanya katikati, na plagi yake inaingia vizuri kabisa kwenye mashine kubwa. Kuingia siyo kufaa. Mwombe fundi mita, aiweke kwenye DC: waya mweusi ndani ya plagi, mwekundu nje. Kwa mashine kubwa, namba isomeke bila alama ya kutoa. Adapta nzito ya zamani iliyoandikwa 9V inaweza kusoma 12 au 13 ikiwa haijabeba mzigo. Hiyo ni kawaida, isikutishe.

Kwenye TV tumia waya wa AV. Tundu la nyuma la mashine kubwa lina pini 8, la ndogo lina 9, kwa hiyo nyaya hazibadilishani. Picha ikija nyeusi na nyeupe kwenye TV ya zamani ya mgongo, mashine huenda ni ya Marekani au Japani na TV haielewi rangi za NTSC, mfumo wa picha wa nchi hizo. Flati nyingi zinazielewa. Mashine ya Ulaya inatoa picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Hiyo siyo hitilafu.

Kaseti ya gemu. Huku kwenye unyevu wa ziwa, meno ya shaba hushika ukungu hata kama kaseti ilikaa kabatini, na ukiongeza vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku na kufia kwenye kila upenyo, skrini nyeusi haishangazi. Usipulize: mate yanazidisha kutu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kikamue, sugua meno pande zote mbili kutoka ndani kuja nje, geuza upande safi, rudia mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti ya duka la dawa huwa na maji, hivyo iache ikauke vizuri kabla ya kuchomeka. Huna haja ya kufungua kaseti, na bisibisi ya kawaida haitaifungua. Skrubu zake zinataka biti maalumu ya mm 3.8.

Sasa gemu. Jambo la kujua mapema kuliko yote: vituo vya kuhifadhi unavyovikuta njiani haviandiki popote. Umeme ukikatika, vimekwenda. Kinachobaki ni neno la siri la kila hatua, na kila kiwango cha ugumu kina maneno yake, kwa hiyo liandike kwenye daftari pamoja na kiwango chenyewe. Hatua ziko saba. Kama mtaa wenu umeme ni wa kubahatisha, usianze hatua mpya usiku ukiwa na nusu saa tu.

Conrad haruki pale unapobonyeza. Anamaliza kwanza mwendo aliouanza. Kuruka shimo refu anahitaji nafasi ya kukimbilia, kwa hiyo rudi nyuma kwanza, ndipo uanze. Kushuka, simama ukingoni uning'inie, kisha achia. Akianguka kutoka juu sana anakufa, na ngao haimsaidii. Ngao inabeba mapigo machache tu ya risasi, na inajazwa kwenye vituo vya kuchajia. Bastola haiishiwi risasi, ila akiishika mkononi hakimbii. Na skrini haisogei, inabadilika nzima kwa nzima, kwa hiyo usiingie skrini mpya kwa kasi: roboti anaweza kuwa hatua mbili mbele yako.

Kwenye msitu wa Titan, mwezi wa sayari ya Zohali gemu inapoanzia, chukua kwanza kijichemraba kilicho chini kidogo ya unapoanzia, ukitumie. Ni ujumbe wa Conrad kwa Conrad, maana kumbukumbu zake zimefutwa. Kisha tafuta mtu aliyejeruhiwa. Anataka chombo chake cha kujisafirishia; mletee, atakupa kitambulisho, na bila hicho lifti haikubali. Okota mawe: yanarushwa kuamsha mitambo usiyoweza kuifikia. Okota na pesa zote, kwa sababu muuzaji anadai 500 kwa mkanda wa kupunguza uzito. Wanaokwama hapa karibu wote wameruka skrini moja yenye pesa. Ukiwa na mkanda, ruka kwenye shimo kubwa. Bila mkanda, shimo hilohilo ni kifo.

Chini yake ni New Washington, mji wa hatua ya pili, na kazi inabadilika kuwa ya mjini. Mtafute Ian akurudishie kumbukumbu, kisha Jack, anayeuza karatasi bandia kwa 1,500. Pesa hizo unazipata kwa kufanya vibarua, na kibarua hupewi mpaka uwe na kibali kutoka ofisi ya utawala, kwa hiyo anzia huko kabla ya kuzunguka na metro. Vibarua vingine vina muda: tembea njia mara moja ukiwa huna kazi, uijue, ndipo ukubali.