Kupamba trei, kopo na chupa kwa rangi, tishu za maua na kanga kuukuu

Dekupaji ni kazi ya kubandika picha zilizokatwa, za karatasi au kitambaa, juu ya mbao, bati au kioo, kisha kuzifunika kwa vanishi hadi ukipitisha kidole usihisi ukingo. Huko Venice katika karne ya 18, mafundi waliifanya ili kuiga samani za laka kutoka Asia, ambazo zilikuwa ghali mno. Kwetu ina faida nyingine: pambo zuri kuliko yote huenda limo kabatini tayari, katika kanga iliyochakaa katikati huku pindo lake bado linang'aa.

Asiyejua kuchora anaifanya vizuri tu. Kinachomshinda mtu ni haraka. Makunyanzi, madoa meupe kama maziwa, karatasi kubanduka pembeni: karibu yote hayo hutokana na unyevu uliofungiwa chini ya tabaka lililopakwa kabla ya wakati. Kwa hiyo maelezo haya yanarudia sana neno "ngoja", na kila mahali lina sababu yake.

Vifaa

Nunua gundi nyeupe ya seremala, ile inayokauka na kuwa angavu. Kopo la robo lita linatosha trei moja na vitu vidogo kadhaa. Gundi ya viatu haifai: hushika papo hapo, huwezi kuisogeza karatasi iliyokaa upande, na ikizeeka hugeuka manjano. Kwa karatasi, changanya vijiko vitatu vya gundi na kijiko kimoja cha maji. Kwa kitambaa usiongeze maji, maana kitambaa kinanyonya sana na gundi nyepesi hupita kikabaki hakina kitu cha kukishika.

Pata msasa namba 120, 240 na 400, brashi bapa ya inchi moja yenye nywele laini, sifongo kipya cha kuoshea vyombo cha kukatakata, rangi ya maji nyeupe ya ukutani, na vanishi ya maji isiyo na rangi. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi lakini huleta umanjano unaoongezeka mwaka hadi mwaka, na juu ya rangi nyeupe unaonekana mapema. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake na kipande cha nailoni nyororo ya kufungia chakula vitakusaidia kubana viputo.

Trei ya mbao yenye maua

Chukulia trei ya sentimita 30 kwa 40. Ikiwa ni mbao mpya isiyopakwa kitu, isugue kwa msasa 120 kufuata mishipa ya mbao, halafu 240, kisha ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikiwa ina vanishi au rangi ya mafuta, sugua hadi mng'ao wote uishe, la sivyo rangi ya maji itakaa juu juu na kubanduka kama ngozi. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi: isugue kwa msasa wa maji ikiwa imeloweshwa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na uchafu wake uuzoe kwa kitambaa kilicholowa, usiufagie ukiwa mkavu.

Piga mkono wa kwanza wa rangi nyeupe uliozimuliwa kwa maji kidogo, sehemu moja ya maji kwa kumi za rangi. Ukikauka utahisi mbao imekuwa na manyoya, kwa sababu maji yameinua nyuzi zake. Pitisha msasa 240 kwa mkono mwepesi, futa, ndipo upige mkono wa pili bila kuongeza maji. Usiruke hatua hiyo ya msasa. Tishu ya mezani yenye maua, utakayoibandika hapa, ni nyembamba kiasi kwamba kila kinundu kilicho chini yake kitajitokeza.

Kwa nini nyeupe? Tishu za mezani huwa na matabaka mawili au matatu, na lenye picha ni lile la juu tu. Ukilitenga linakuwa angavu: juu ya nyeupe maua yanabaki na rangi yake, juu ya kijani au kahawia yanapotea. Ukitaka trei ya rangi nyingine, paka rangi hiyo kwenye kuta na mpini, na sakafu ya trei uiache nyeupe au malai.

Yatenge matabaka kuanzia pembeni kwa kucha, taratibu. Tabaka lililobaki nyuma ndilo chanzo kikubwa cha viputo, kwa kuwa gundi haipenyi hadi la juu. Unapotaka ua moja tu, usikate kwa mkasi: chora mstari wa maji kulizunguka kwa brashi nyembamba, kisha uvute. Ukingo uliochanika una nyuzi zinazoyeyukia kwenye rangi nyeupe, ilhali ukingo wa mkasi unabaki mstari unaoonekana.

Wengi hupaka gundi na kulaza tishu ingali mbichi. Inawezekana kwa ua dogo, lakini kwa sakafu nzima ya trei ni kujitafutia makunyanzi, kwa sababu tishu ikilowa hupanuka na kuchanika ukiigusa. Njia ya pasi ni bora zaidi. Paka gundi iliyozimuliwa sakafu nzima, iache ikauke kabisa, rudia mara ya pili, iache ikauke tena. Laza tishu kavu, itandaze kwa kiganja, ifunike kwa karatasi ya kuokea, kisha piga pasi ya joto la wastani bila mvuke, ukianzia katikati kwenda pembeni, sekunde kama kumi kila mahali. Joto huilainisha gundi, nayo inaikamata tishu ikiwa kavu na imenyooka.

Sababu hiyohiyo inakuambia mwisho wa trei hii: birika au sufuria iliyotoka jikoni itailainisha gundi tena na kuinua picha. Vikombe vya chai havina neno vanishi ikishakomaa, lakini vyombo vya moto viwekewe kitu chini.

Sasa vanishi. Piga mikono mitano, myembamba. Mkono wa kwanza upite mara moja tu bila kurudi nyuma, kwani tishu bado haijalindwa na brashi inaweza kuikwangua. Usitumie msasa kabla ya mkono wa tatu kukauka. Baada ya hapo pitisha namba 400, futa vumbi, endelea. Kopo la vanishi litakuambia saa za kungoja, ila saa hizo zimepimwa kwa hewa kavu. Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa wakati wa masika, zidisha mara mbili. Kipimo cha uhakika ni mgongo wa mkono: ukiugusa uso wa trei na kuhisi ubaridi, maji bado yanatoka. Usiianike juani ili kuharakisha. Ngozi ya juu itakauka kwanza, maji ya chini yakitafuta njia yatatoboa viputo. Kivuli chenye upepo ndicho mahali pake.

Baada ya mkono wa mwisho, trei inaweza kushikwa kesho yake, lakini ugumu kamili huja baada ya wiki tatu hadi nne. Kabla ya hapo usiiloweshe wala usiweke vitu juu yake kwa muda mrefu, vitang'ang'ania.

Kanga kwenye stuli

Kanga ni pamba nyepesi, nayo mpya huja na wanga unaoifanya iwe ngumu. Hata kama ni kuukuu, ifue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, bila manukato wala kilainishi cha nguo, ikikauka ipige pasi. Wanga na kilainishi huzuia gundi kupenya.

Kitambaa kikikatwa hutoa nyuzi, na nyuzi moja iliyolala chini ya vanishi haifichiki. Paka mstari wa gundi mwembamba pale mkasi utakapopita, uache ukauke, ndipo ukate katikati ya mstari huo. Ukingo utakuwa mkali kama wa karatasi.

Mji wa kanga unafaa katikati ya kiti cha stuli, na pindo linafaa kuzungushwa pembeni. Jina la kanga linataka kufikiriwa zaidi. Lipime mahali pake kabla ya kukata, lisomeke na anayeingia chumbani, na lisikatwe katikati ya neno. Jina lililokatwa nusu linaharibu kazi nzima, na mwenye kanga hatakusamehe.

Paka stuli rangi nyeupe kwanza hata kama kanga ni nzito ya rangi, kwani gundi huifanya pamba ionyeshe ya chini. Kisha paka gundi isiyozimuliwa kwenye mbao, si kwenye kitambaa, robo ya eneo kwa wakati mmoja, ulaze na kukwangua kwa kadi kutoka katikati. Usivute kitambaa ili kinyooke: kikikauka kitarudi na kuacha pengo pembeni. Kikishakauka, paka gundi juu yake mikono miwili hadi vitundu vya kitambaa vizibe, halafu vanishi mikono minne.

Kwa kitu kidogo kama kijisanduku cha pete, maua ya kanga ni makubwa mno. Peleka kanga kwenye duka la stesheneri, wakutolee fotokopi ya rangi iliyopunguzwa hadi nusu au robo. Omba itoke kwenye mashine ya leza, kwa sababu wino wa printa za kawaida za nyumbani huvuja ukikutana na gundi. Jaribu kwa kidole kilicholowa pembeni mwa karatasi kabla ya kubandika chochote. Karatasi ya fotokopi ni nene kuliko tishu, nayo inahitaji kupanuka kabla haijashikwa: paka gundi mgongoni, ngoja dakika moja au mbili hadi ilegee, ndipo uilaze. Ukiilaza mara moja, itapanukia juu ya mbao na makunyanzi yatatokea mbele ya macho yako.

Kopo la maua lililopakwa rangi

Kopo la maziwa ya unga lina ukubwa mzuri. Ling'oe karatasi kwa kulilowesha. Gundi iliyobaki isugue kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na magadi soda, kisha osha kwa sabuni na umalizie kwa spiriti. Mafuta yakibaki, hakuna rangi itakayoshika.

Toboa matundu matano ya maji kwenye kitako kabla ya kupaka, kwa msumari, kopo likiwa limefunikwa juu ya kipande cha mti ili lisibonyee. Ukitoboa baadaye, rangi hupasuka kuzunguka tundu na kutu huanzia hapohapo. Sugua nje kwa msasa 240, piga mkono mmoja wa prima ya chuma, yaani rangi ya msingi, ukiingia na ndani ya matundu, iache usiku mzima.

Hapa rangi ya mafuta inastahili kuliko ya maji. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli juu ya mbao za kubana, na aina hiyo ya rangi hushika vizuri juu ya bati na kustahimili maji ya kumwagilia. Ubaya wake ni kukauka polepole: rangi moja kwa siku, vinginevyo nyeusi itavuta nyekundu iliyo chini yake. Nukta safi hupatikana kwa kuchovya kitako cha penseli na kugusa mara moja. Chovya upya kila nukta, la sivyo zitapungua moja baada ya nyingine.

Kwa mistari iliyonyooka tumia tepu ya karatasi. Baada ya kuibandika, paka kwanza ukingo wake kwa rangi ileile ya chini; ndiyo itakayovuja na kuziba mwanya, na haitaonekana. Ikikauka paka rangi mpya, na tepu uivue kabla rangi hiyo haijakauka kabisa, ukiikunja kuelekea nyuma.

Chupa na mitungi ya kioo

Kioo hakinyonyi kitu, kwa hiyo usafi ni nusu ya kazi. Futa kwa spiriti na usikishike tena kwa vidole mahali pa kubandika. Pamba upande wa nje tu, na acha sentimita mbili chini ya mdomo wa chupa bila kitu, kwani gundi na vanishi hizi si za kugusana na chakula wala midomo. Gundi itaonekana nyeupe kwa saa kadhaa; usiongeze nyingine ukidhani haijashika. Ukitaka kuigeuza chupa kuwa taa, weka balbu ndogo za betri. Mshumaa utayeyusha gundi, na karatasi inaweza kushika moto.

Pembe ikibanduka

Hutokea, hasa kwenye ukingo wa trei unaoshikwa kila siku. Usiing'oe. Chukua bomba la sindano jipya, vuta gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu, ipenyeze chini ya pembe, bonyeza, ufute inayotoka, funika kwa nailoni na uweke kitabu kizito juu hadi kesho. Nailoni haishikani na gundi hiyo, kwa hiyo itatoka safi. Kiputo cha katikati kipasue kwa wembe, mkato mmoja kufuata mstari wa picha, kisha fanya vivyo hivyo. Vanishi mkono mmoja juu ya jeraha, ukiupanua kidogo nje yake ili mng'ao usitofautiane.