Jinsi ya Kuitikia Misa: Mwongozo kwa Mwamini Anayetaka Kuielewa Liturujia

Wako waamini wengi ambao wameyajua majibu yote ya Misa tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na bado hutoka kanisani Jumapili wakihisi kwamba wamehudhuria shughuli ya padre na kwaya. Liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, haikukusudiwa kutazamwa hivyo. Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki, leitourgia, na hapo zamani lilitaja huduma iliyofanywa kwa manufaa ya watu wote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1069, inaeleza kwamba kwa Mkristo maana yake ni taifa la Mungu kushiriki katika kazi ya Mungu. Anayetenda kwanza ni Kristo, Kuhani wetu mkuu, nasi tuliobatizwa tunaingizwa katika tendo lake la kumtolea Baba. Ndiyo sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya liturujia, uliiita kilele na chemchemi ya maisha ya Kanisa, ukataka waamini wote waishiriki kwa ukamilifu, kwa ufahamu na kwa kutenda.

Maandalizi yaanze kabla ya Jumapili. Masomo ya Dominika yamepangwa katika mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A husomwa hasa Injili ya Mathayo, mwaka B ya Marko, mwaka C ya Luka, naye Yohane husikika zaidi katika Kwaresima na Pasaka. Soma Injili kwanza, kisha somo la kwanza, kwa sababu katika Dominika za kawaida hayo mawili yamechaguliwa yaelekeane. Somo la pili hufuata njia yake, likiendeleza waraka mmoja wiki baada ya wiki, kwa hiyo usijitaabishe kulilazimisha lifanane na mengine. Ikiwa jumuiya yenu ndogo ndogo hukutana katikati ya wiki, hapo ndipo mahali pazuri pa kuyasoma pamoja.

Siku yenyewe, funga chakula na vinywaji, isipokuwa maji na dawa, walau saa moja kabla ya Komunyo, na ufike mapema. Unapochovya kidole katika maji ya baraka, kumbuka ubatizo wako, kwa kuwa ndio unaokupa haki ya kusali sala hii.

Padre anaposema “Tuombe”, hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Kimya hicho ni chako. Hapo kila mmoja anaweka moyoni nia aliyokuja nayo, mgonjwa wake, deni lake, shukrani yake, na sala inayofuata inazikusanya nia zote kuwa sala moja ya Kanisa. Wengi wetu hukitumia kutafuta ukurasa wa wimbo, na hivyo tunaitikia “Amina” kwa sala ambayo hatukuweka chochote ndani yake. Kama ningeruhusiwa kumwomba msomaji abadili jambo moja tu Jumapili ijayo, ningemwomba hili.

Masomo yanapotangazwa, funga kitabu chako na usikilize. Kristo mwenyewe husema Maandiko yanaposomwa kanisani, na anayesemwa naye humtazama asemaye. Wimbo wa katikati ni zaburi ambayo kwayo tunamjibu Mungu, basi uimbe hata kama sauti yako si nzuri.

Matoleo yana historia ndefu. Mtakatifu Yustino, akieleza ibada ya Wakristo mnamo mwaka 155, anataja mkate, divai na maji vikiletwa kwa anayeongoza, na michango ya wenye uwezo ikikusanywa kwa ajili ya yatima, wajane na wenye shida. Kwa hiyo mahindi, mayai au fedha unazopeleka mbele ni sehemu ya ibada kweli. Tazama pia tone la maji ambalo padre hutia katika divai: sala inayosindikiza tendo hilo inaomba tushirikishwe umungu wake yeye aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Jitie hapo, pamoja na juma lako lote.

Sala ya Ekaristi ndipo mawazo ya wengi hutangatanga, nayo ndiyo moyo wa Misa. Dawa yake ni kusikiliza neno “sisi”. Padre anasema na Baba kwa niaba ya wote, baada ya sisi kukiri kwamba mioyo “tumeiinua kwa Bwana”. Angalia anapoinyosha mikono juu ya vipaji, yaani mkate na divai, akiomba Roho Mtakatifu avifanye Mwili na Damu ya Kristo. Kisha, baada ya mageuzo, yaani vipaji hivyo vinapokwisha kugeuzwa, subiri ombi la pili, kwamba sisi tutakaovipokea tufanywe mwili mmoja. Sala yote hufungwa kwa “Amina” iliyo kuu kuliko zote, na hiyo ni ya taifa zima. Kwaya inayoipamba mpaka watu wakashindwa kuiitikia imewanyang’anya kilicho chao, hata kama imeimba kwa ustadi.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliwafundisha waliobatizwa karibuni kwamba wanaposikia “Mwili wa Kristo” na kujibu “Amina”, wanakiri pia jinsi wao wenyewe walivyo, basi wawe viungo vya mwili huo ili Amina yao iwe ya kweli. Asiyeweza kupokea kwa sasa asijione yuko nje. Abaki katika sala na afanye Komunyo ya kiroho, yaani amwombe Kristo aingie moyoni mwake.

Baada ya baraka, tulia dakika moja kabla ya salamu za nje. Yustino anaongeza kwamba mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuwapo. Basi, kabla ya kuondoka, pita kwa paroko au katekista umtajie mzee au mgonjwa wa jumuiya yenu ambaye hajaipokea kwa muda mrefu, na ueleze nyumba yake ilipo.