Kabla hujamvisha maksai nira: mambo ya kuandaa mapema

Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayesubiri wingu la kwanza ndipo awavishe nira maksai wapya amechelewa: shamba linamwita, ng'ombe hawajui kitu, na mkononi kimebaki fimbo. Anza Juni au Julai, mazao yakiwa yameshaingia ndani na mabua ya mtama yangalipo shambani. Ikifika Oktoba malisho ya Kongwa, Bahi na Chamwino yamekauka na mnyama amekonda. Chagua madume wa miaka miwili hadi mitatu, wapole, wanaolingana kimo, waliohasiwa mapema na kidonda kikapona kabisa.

Hayo ni ya mwili, na wafugaji wengi wanayajua. Kinachosahaulika ni kwamba ng'ombe anajifunza muda wote, hata pale ambapo hujakusudia kumfundisha. Kwa hiyo kaa chini uamue mapema nini unataka akijue.

Kubalianeni maneno nyumbani. Manne yanatosha: la kuondoka, la kusimama, la kulia na la kushoto. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa akisikia mlio fulani kila mara kabla ya kulishwa, mwishowe mate humtoka kwa mlio peke yake. Mlio ulipata maana kwa sababu kilichoufuata hakikubadilika. Baba akisema "simama", kijana akisema "tulia", mjomba akipiga mluzi, ng'ombe atashika lipi? Hata mtoto anayewapeleka malishoni ayajue maneno hayo na asiyachezee.

Tayarisha zawadi, na iwe mfukoni. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Kwetu alizeti inalimwa sana, mashudu hayakosekani; konzi moja, au pumba yenye chumvi kidogo, inatosha. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio ambamo alimfungia paka mwenye njaa ndani ya sanduku, chakula kikiwa nje. Paka alihangaika na kukwaruza hadi kwa bahati akagusa komeo, mlango ukafunguka, akala. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kutoka ulipungua kidogo kidogo. Tendo lililomletea nafuu ndilo alilolirudia. Ila nafuu hiyo ilikuja papo hapo. Maksai akitembea vizuri asubuhi, nawe ukamlisha mchana zizini, amejifunza tu kwamba zizini kuna chakula.

Kamba nayo hufundisha vivyo hivyo. Ukivuta, legeza pale pale anapoinua mguu, kwa sababu kulegea ndiko kunakomwambia kwamba amepatia. Anayevuta mfululizo mpaka mnyama afike anakotaka anamzoesha kukazwa shingo, na baadaye atahitaji kuvuta kwa nguvu zaidi. Fanyeni mazoezi haya ninyi kwa ninyi kabla ya kumshika ng'ombe. Mkono hauzoei kwa siku moja.

Kuhusu fimbo, amua mapema kazi yake. Kumgusa begani ili ajue upande ni sawa. Kipigo ni jambo jingine, kwa sababu maumivu huungana na kila kilichokuwepo: nira, mlio wa mnyororo, sura ya mpigaji. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Marekani walieleza habari za mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia kwa namna yoyote. Baadaye waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, na wengi wao hawakujaribu, walitulia wakavumilia. Maksai anayechapwa akienda na kuchapwa akisimama yuko katika hali hiyo. Watu humwita mvivu. Mimi naona ameonewa.

Panga hatua. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha njiwa matendo magumu kwa kutuza kila jaribio dogo lililokaribia alichokitaka, na kwa maksai njia ni hiyo hiyo: kwanza kamba, kisha nira tupu karibu na zizi, kisha mnyororo unaoburuzika ili azoee kelele yake, kisha gogo jepesi, plau mwisho. Vipindi viwe vifupi, alfajiri kabla ya jua kuchoma, na vya kila siku badala ya kutwa nzima mara moja kwa wiki.

Kama jirani ana maksai mzoefu, omba akuazime. Mgeni hutulia akiwa ubavuni mwa mwenzake. Ila mwanafunzi wa pili ni kijana anayeongoza mbele. Majaribio ya mwanasaikolojia Albert Bandura ya mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Stanford yalionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akilipiga sanamu nao walilipiga, tena kwa namna ile ile. Kijana wako atawatendea ng'ombe kama anavyokuona wewe ukiwatendea.

Mwisho, kubalianeni mtafanya nini maksai akilala chini shambani, maana iko siku atalala. Kagueni kwanza: shingo ina kidonda cha nira? Jua limekuwa kali? Alikunywa maji? Kama kuna tatizo, mfungueni, kazi ya siku hiyo imekwisha. Kama hakuna, msimfungue akiwa amelala, kwani atajua kwamba kulala ndiko kunakomvua nira. Subirini bila kelele. Akisimama, mpeni neno la kuondoka, hatua mbili tatu, neno la kusimama, konzi ya mashudu, ndipo mumfungue.