Namna ya Kuanzisha Ushirikiano wa Utafiti wa Afya kati ya Chuo Kikuu na Vijiji vya Tanzania

Mtafiti wa chuo kikuu anayetaka kazi yake iboreshe afya ya wanakijiji anapaswa kufika kijijini kabla andiko la mradi halijakamilika, kwa sababu andiko likishapata ufadhili, swali la utafiti na bajeti huwa vigumu kubadilika, na wanakijiji hubakiwa na kazi ya kujibu dodoso tu. Keti mapema na mganga mfawidhi wa zahanati, kamati ya zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpitie pamoja vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya zahanati vya kuandikia taarifa za wagonjwa na huduma, ili muone ni maradhi gani yanayowaleta watu zahanati, kisha uulize ni yapi yasiyofika humo kabisa.

Vibali vishughulikiwe mapema. Kibali cha maadili hutolewa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au bodi ya maadili ya chuo yenye mamlaka hayo, na mshirika kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Barua za utambulisho hushuka kutoka mkoani hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata na hatimaye Mtendaji wa Kijiji.

Omba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na uepuke msimu ambao watu wamehamia mashambani. Hata hivyo, mkutano huo pekee hautoshi, kwani wanawake na vijana wengi hunyamaza mbele ya wazee. Zungumza nao katika vikundi vyao. Aidha, ruhusa ya mkutano haiondoi haja ya ridhaa ya kila mshiriki. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye mtumishi wa mradi, ndipo aweke alama ya dole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huridhia, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye.

Makubaliano na halmashauri ya kijiji yaandikwe kwa Kiswahili, yakieleza sampuli za damu zitahifadhiwa wapi, nani atazitumia takwimu, vijana gani wa hapo wataajiriwa kukusanya taarifa na kwa posho gani, na mshiriki atakayegunduliwa kuwa mgonjwa atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani. Kipengele kinachosahaulika mno, na ambacho kwa maoni yangu kingepaswa kujadiliwa kwanza, ni kile cha huduma zitakazobaki fedha za mradi zikiisha.

Utafiti uliofanyika vijijini Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa shirika la afya la AMREF, NIMR na chuo cha Uingereza cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, unafaa kusomwa na kila anayepanga kazi ya namna hii. Jamii 12 zilihusishwa. Katika 6 kati yake, matibabu ya magonjwa ya zinaa yaliimarishwa ndani ya zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo, kwa kuwafunza watumishi, kuhakikisha dawa zinapatikana na kufanya usimamizi wa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii nyingine 6. Kwa kuwa huduma ilipita katika mfumo wa Serikali, ujuzi ulibaki mikononi mwa watumishi wa vituo hivyo.

Matokeo yarudishwe kijijini kwa lugha nyepesi, yasomwe katika mkutano mkuu huku muda wa kutosha ukiachwa kwa maswali, pamoja na yale ya kulalamika. Nakala fupi ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya miezi kadhaa kabla ya Julai 1, siku mwaka wa fedha unapoanza, ili mapendekezo yaingizwe katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wakati bajeti ingali ikiandaliwa.