Kabla hujakoli beti kubwa kwenye riva, angalia haya kwanza

Naongelea Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili mkononi na tano mezani, na hasa ile karata ya tano, riva, pale jamaa anaposukuma beti sawa na poti nzima (hela yote iliyokwisha kuwekwa katikati) au zaidi na wewe una pea moja tu, karata mbili za namba moja. Hapo hakuna karata nyingine ya kusubiri, mkono wako ndio huo huo, swali limebaki moja: ana kitu kweli au ni blafu, yaani anadanganya hana kitu? Wengi wanajibu kwa hasira, "huyu hawezi kunitisha mimi", au kwa kuangalia uzuri wa karata zao, na hapo ndipo hela nyingi zinapoondoka. Mimi naamini kabisa kwamba uzuri wa karata zako kwenye riva haukusaidii sana kuamua. Kinachoamua ni bei unayouziwa na idadi ya mikono mibovu ambayo jamaa anaweza kuwa ameishika.

Basi anza na bei. Poti ina 10,000, jamaa kaweka 10,000, wewe ukikoli, yaani ukilipa beti yake, unatoa 10,000 kugombea 20,000 iliyoko mezani. Jumla inakuwa 30,000 na yako ni theluthi, kwahiyo ukishinda mara moja kwa kila mara tatu umerudisha hela yako, ukizidisha hapo ni faida. Akibeti nusu poti unahitaji kushinda asilimia 25, robo tatu ya poti asilimia 30, mara mbili ya poti asilimia 40. Hizo namba zikariri ukiwa nyumbani, sio mezani moyo ukiwa unadunda. Na angalia kitu kimoja ambacho watu hawakioni, hata akiweka mara kumi ya poti bado haifiki 50, ina maana huhitaji kuwa na uhakika kwamba anadanganya, unahitaji tu awe anadanganya mara za kutosha kulingana na bei. Sasa ili ujue bei lazima ujue poti ina ngapi, na kasino mchezo ukiwa hauna kikomo cha beti mgawaji kwa kawaida hatakuhesabia poti, atakuhesabia beti iliyo mbele yako tu ukimwomba, kwahiyo hesabu mwenyewe tangu karata zinagawiwa.

Halafu rudisha mkono wote nyuma, toka mwanzo. Alireizi, yaani alipandisha beti, kabla ya flopu (zile karata tatu za kwanza mezani) au alikoli tu? Akiwa nafasi gani? Kwenye flopu alibeti, kwenye karata ya nne je, na ile riva imebadilisha nini? Mtu mwenye kitu kikubwa kawaida stori yake inanyooka, kila hatua ina sababu. Ukikuta mahali stori inakatika, mfano alicheki (alipita bila kubeti) flopu na karata ya nne halafu riva ni kakarata kadogo kasikosaidia mtu na ghafla anaweka poti nzima, jiulize ni mkono gani mzuri ungechezwa hivyo. Ukikosa hata mmoja hiyo ni habari kubwa. Ila usijidanganye pia, kuna watu wanacheza seti (karata tatu za namba moja, mbili mkononi na moja mezani) kimya kimya mpaka mwisho.

Hapa sasa ndio pa kukaa muda mrefu, kuhesabu. Tuseme mezani kuna K ya shupaza, 9 ya shupaza, 4 ya uru, 7 ya pau, 2 ya kopa. Hakuna flashi (tano za aina moja) wala streti (tano zinazofuatana) inayowezekana. Wewe una K ya uru na Q ya kopa. Jamaa kabeti flopu, kabeti tena, na riva kaweka poti nzima. Tuseme mikono inayokupiga na inayobeti hivyo ni hii tu: seti ya 9 inapatikana kwa njia 3 (9 zimebaki tatu, yeye anahitaji mbili), seti ya 7 njia 3, seti ya 4 njia 3, na K na 9 za aina moja, ambazo ni pea mbili, njia 2. Jumla 11. Ili ukoli kwa bei ya theluthi unahitaji blafu kama 6 hivi dhidi ya hizo 11. Zipo? Taja kwa majina, usiseme "anaweza kuwa na chochote". Shupaza zilizokosa flashi: A na J, A na 10, A na 5, Q na J, J na 10, 10 na 8, 8 na 6. Hizo ni 7. Saba kati ya 18 ni karibu asilimia 39, inazidi 33, unakoli.

Sasa badilisha karata zako. Umeshika A ya shupaza na K ya uru. Kwa macho huu ni mkono mzuri zaidi, si ndio? Lakini hiyo A ya shupaza ikiwa kwako haiwezi kuwa kwake, kwahiyo A na J, A na 10, A na 5 zote zimefutika, zimebaki blafu 4 dhidi ya 11, ambayo ni asilimia 27 hivi, haifiki bei, unafoldi, yaani unaachia karata zako. Mkono mkubwa unafoldi na mdogo unakoli, meza ile ile, beti ile ile! Kwa sababu seti inazipiga zote mbili na shupaza zilizokosa zinapigwa na zote mbili, tofauti yao ni kile kinachobaki kwenye mkono wa jamaa. Kwahiyo kabla ya kukoli jiulize karata zangu zinamzuia kuwa na nini, mikono mizuri au mikono iliyokosa. Ukishika karata za ile flashi iliyokosa kwa kawaida ni dalili mbaya, ukishika karata anazozihitaji kutengeneza mkono wake mzuri hapo unapumua.

Hesabu hiyo yote inategemea jamaa anabeti kweli hizo blafu. Kama ni mtu wa kucheki akikosa, zile 7 zinakuwa labda 3, na 3 kati ya 14 ni asilimia 21, foldi bila kujuta. Maoni yangu ni kwamba kwenye meza za hela ndogo watu wengi hawadanganyi vya kutosha kwenye riva, na hasa ukibeti wewe halafu ukareiziwa juu, hapo pea moja iweke chini. Lakini usimpime mtu kwa sura wala kazi yake. Mwaka 2003 kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker, Las Vegas, walibaki wawili kati ya watu 839, Sam Farha mzoefu wa meza kubwa na Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi kupitia mchezo wa mtandaoni. Mezani kulikuwa na 9, 6 na 8 za shupaza, 2 ya uru na 3 ya kopa. Farha ana Q ya shupaza na 9 ya kopa, pea ya juu kabisa. Moneymaker ana K ya shupaza na 7 ya kopa, kasubiri flashi na streti zote zimekataa, na akaweka chipu zake zote. Farha akafoldi. Moneymaker akachukua ubingwa na dola milioni 2.5. Wengi wangesema mhasibu hathubutu. Mimi simlaumu Farha hata hivyo, shupaza tatu ziko mezani na streti zinawezekana, mikono ya kweli ilikuwa mingi na pea ya 9 ni nyembamba.

Mashindano yenyewe yana bei yake nyingine. Ukiwa karibu na zawadi, chipu unazopoteza zinauma kuliko zile unazopata zinavyosaidia, maana ukitoka umetoka, kwahiyo ile theluthi haitoshi, dai zaidi. Kwenye meza ya hela taslimu hilo halipo, ila kama hela uliyokaa nayo ni ya kodi ya nyumba au ada ya mtoto hutaweza kuamua sawasawa, na hapo hata usingekaa.

Angalia na nyuma yako, kuna mtu wa tatu hajaamua bado? Ukikoli yeye anaweza kureizi, kwahiyo mkiwa watatu punguza ujasiri. Muda aliotumia jamaa kubeti mtandaoni usiutegemee sana, pengine ni mtandao wake tu. Ukishaamua tamka neno wazi, "nakoli" au "nafoldi", kwani kwenye kasino ulichotamka kwa zamu yako kinakufunga. Na ukikoli tulia usitupe karata, aliyebeti riva ndiye anayeonyesha kwanza, mwache afungue, halafu andika alichokuwa nacho na alivyokibeti toka flopu, kwa sababu utakutana naye tena na safari hiyo zile blafu 7 hutazikisia.