Kumwekea kila mwanafunzi mpaka wake kwenye diski

Wiki ya kukusanya kazi za mradi, seva ya maabara ninayoisimamia chuoni iligoma kuhifadhi chochote. `df -h` ikasema /home imejaa asilimia 100. Nikaandika `du -xsh /home/* | sort -h`, na mstari wa mwisho kabisa ukamtaja mwenyewe: kijana mmoja, gigabaiti 210 za tamthilia za Kikorea. Wenzake 39 hawakuweza kuhifadhi hata ripoti ya kurasa mbili. Nilimfokea kidogo tu, maana mlango niliuacha wazi mimi.

Dawa ni kwota, yaani mgawo wa nafasi wa kila mtumiaji. Inahesabiwa kwa kila patisheni (kipande cha diski kilichotengwa), kwa hiyo /home iwe na patisheni yake. Kwenye Debian au Ubuntu yenye mfumo wa faili wa ext4, anza na `apt install quota`. Fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupandishwa, nenda mstari wa /home, na baada ya `defaults` ongeza `,usrquota`. Halafu, ukiwa ruti (root, msimamizi mkuu):

mount -o remount /home
quotacheck -cum /home
quotaon -v /home

Hiyo ya pili hupita faili moja moja. Ifanye usiku, watu wakiwa wametoka, la sivyo hesabu itapotoka. (Wenye mfumo wa faili wa XFS: andika `uquota`, na remount haitoshi, shusha patisheni, uipandishe tena. Vikomo utaviweka kwa `xfs_quota`.)

Sasa vikomo, viko viwili. Kile laini mtu anaweza kukivuka kwa siku 7, muda wa kawaida usipoubadilisha. Kile kigumu hakivukiki hata kwa baiti moja. Nimetengeneza mtumiaji wa mfano, nikamwita kiolezo:

setquota -u kiolezo 4G 5G 80000 100000 /home

Namba mbili za kwanza ni nafasi, laini kisha gumu; mbili za mwisho ni idadi ya faili. Zamani niliweka sifuri, yaani bila kikomo, mpaka programu ya mwanafunzi ilipozunguka usiku kucha ikizaa vifaili. Nafasi ilikuwepo tele, diski ikakataa. `df -i`, inayohesabu faili badala ya nafasi, ndiyo iliyonifungua macho.

Kuwanakilishia wengine: `edquota -p kiolezo juma neema`. Kwa watakaosajiliwa baadaye, andika `QUOTAUSER="kiolezo"` ndani ya /etc/adduser.conf, usahau.

Wajanja watakimbilia /tmp, saraka ya faili za muda ambayo kila mtu anaweza kuandikia. Yangu nimeihamishia kwenye RAM kwa mstari huu wa fstab, ikijaa inaishia hapo hapo:

tmpfs /tmp tmpfs size=2G,mode=1777 0 0

Kila Ijumaa natazama `repquota -s /home`. Mwenye alama ya + amevuka.

Kwota haifuti kilichokwisha kuwepo, inazuia kuongeza tu. Kwa hiyo yule kijana hakupoteza tamthilia hata moja, ila hakuweza kuandika neno la mradi wake. Alikuja na flashi ya gigabaiti 64. Tulihamisha kwa awamu nne.